Nani Hufunga Mlango

Magongo yalikuwa saba ya dukani
na manne ya mkole, yaliyopindwa kwa moto
na babu yake Ndahani, aliyedhani tunakwenda kuchunga.
Watoto tulikuwa ishirini na mmoja.
Uwanja ni nyuma ya madarasa, Kizota,
upepo wa Julai ukichota vumbi la golini kulipeleka katikati,
kisha ukilirudisha, kana kwamba nao umepangiwa namba.

Mwalimu Chilongani hakutushindanisha mbio.
Alitupanga ukutani, darasa la nne B,
akafungua daftari la hesabu, lile la viboksi,
akauliza maswali yasiyohusu mpira.

"Ukitumwa sukari, chenji hurudi?"
"Hurudi yote," akasema Tabita.
Akaandikwa namba mbili.
"Hurudi nusu," akasema Yoeli, akicheka,
naye akapelekwa mbele, namba tisa,
maana mwizi mdogo, alisema Mwalimu, ni mali yetu akiwa kwao.
Mageti hufika dukani jua likizama:
kila nyumba ana salamu, kila salamu ina mkia.
"Kiungo. Mpira upite kwako kama umbea."

Ndahani alikuwa na ng'ombe kumi na saba, na ndama.
"Jioni unawahesabu?"
"Sihesabu. Naona tu nani hayupo."
Kalamu ikakaa hewani.
Beki wa kati, akaandika,
akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Mimi nilishajipa winga.
Nilikuwa na miguu, tena na raba za dada,
nimekwisha kulisikia jina langu likiitwa kutoka pembeni.
"Peresi, usiku kwenu mlango hufungwa na nani?"
Nikasema: mimi.
Mama ni mlinzi wa ghala la mahindi, zamu ya usiku.
Baba alifuata dhahabu Geita;
dhahabu haijasema lolote.
Wadogo zangu wawili hawapati usingizi
mpaka wasikie komeo.
"Basi umeshacheza miaka," akasema. "Kipa."

Nililia, nisidanganye.
Kipa ni mnene, ni mvivu, ni yule aliyekosa gongo;
mtoto gani wa Kizota hajui hilo?
Nikafungwa sponji ya kochi miguuni kwa mpira wa tairi,
nikatembea kama bata aliyeitwa ofisini.

Wala nisimfanye Mwalimu malaika.
Baba yake Godi alileta katoni tatu za maji, na fulana.
Jumatatu daftari likawa na alama ya ufutio,
karatasi imekonda pale penye namba tisa,
na Yoeli, mwizi wetu, akakaa benchi akimung'unya ubuyu.
Godi aliulizwa swali gani?
Tulisubiri tulisikie. Mpaka leo.

Siku ya Ihumwa tulifungwa bao moja.
Lilipita katikati ya sponji, taratibu,
kama mgeni anayevua viatu.
Ndahani aligeuka, akanitazama mimi, si mpira.
Alishajua nani hayupo:
kwa kitambo kile kidogo nilikuwa pembeni, winga,
na watu wanaliita jina langu.

Mapumziko, Mwalimu akachuchumaa mbele yangu.
"Ulifunga mlango?"
"Nilifunga. Dirisha ndilo lilikuwa wazi."
Hakucheka. Aliandika.

Usiku ule nilisukuma komeo
nikagundua magoti yangu yamekunjika yenyewe.
Nikabaki hivyo gizani, mikono mbele,
wadogo wakipumua nyuma yangu,
nje upepo ukilijaribu bati moja, halafu jingine,
halafu lile lililolegea.